Mrejesho: Baiskeli kutoka Voi hadi Latema na Reata

Wasee, nilikuwa nimeuliza kama mtu anaweza toka Voi na baiskeli hadi ile njia kati ya vilima vya Latema na Reata kule Taveta, pale Waingereza na Wajerumani walipigana Machi 1916. Inawezekana. Lami iko poa ila ukishapita Maktau ndovu wanavuka barabara vile wanataka, aliyeniambia nisitoke kabla jua lichomoze, shukran sana.

Kwa kilima cha Salaita, kabla ufike Taveta, nilifunga baiskeli chini nikapanda na miguu, na hapo ndio kuna stori yenyewe, Februari 1916 mizinga ya Waingereza ilitwanga kileleni kumbe Wajerumani wako kwa mahandaki huku chini vichakani, makaburu wa Afrika Kusini waliokuwa upande wa Waingereza wakakung'utwa vibaya wakaja kuokolewa na Wabaluchi kutoka India, hao hao walikuwa wanawadharau.

Latema ni miba tupu, bebeni viraka na pampu. Kijana wa boda alinionyesha njia tukawa tunasukuma tu. Hapo walipigana hadi usiku, kufika asubuhi Wajerumani washatoroka. Kilimanjaro ni ya mapema, saa nne mawingu yashaifunika.

Baiskeli ya tairi nyembamba acheni Nairobi.