FIFO ya kloki mbili inaharibu neno moja baada ya saa nyingi: triga ya ILA niiweke wapi?

Swali

Habari wakuu. Ndani ya FPGA (chipu ambayo saketi zake hupangwa na mtumiaji) kuna FIFO (foleni ya data: kinachoingia kwanza hutoka kwanza) ya kloki mbili: inaandikwa kwa 125 MHz, inasomwa kwa 100 MHz, maneno 512 ya biti 32. Mara moja katika saa 6 hadi 30 hivi, CRC ya pakiti (namba ya kukagua kama data imeharibika) inakataa upande wa kusoma. Kwenye uigaji kosa halitokei, na ripoti ya muda (ukaguzi wa kama ishara zinafika kwa wakati ndani ya kila pigo la kloki) ni safi. ILA (kinasa ishara kilicho ndani ya chipu) ina kina cha sampuli 1024 na triga, yaani tukio linaloamua kipi kinaswe, ni hiyo CRC, lakini pakiti ni za baiti 9000, yaani maneno 2250, kwa hiyo neno bovu linakuwa limeshapita zamani. Nipandishe kina hadi 131072?

Jibu la 1

Usipandishe. Ishara 64 mara sampuli 131072 ni biti 8,388,608. Hivyo ni zaidi ya vizuizi 200 vya RAM ya kilobiti 36, na chipu nyingi ndogo hazina hata nusu yake. Sogeza triga karibu na chanzo.

Kizuizi cha RAM kinachobeba biti 32 kina biti 4 za ziada, ambazo mara nyingi hukaa bure. Upande wa kuandika, tia humo namba ya mfululizo, 0 hadi 15. Upande wa kusoma, linganisha kila namba na iliyotangulia ukijumlisha 1. Zikitofautiana, inua bendera inayobaki juu mpaka riseti. Bendera hiyo ndiyo triga yako. Ipeleke pia kwenye LED, ili ujue kosa limetokea hata kama kompyuta ililala na JTAG (kiunganishi cha kompyuta na chipu) ikakatika.

Nafasi ya triga weka 900 kati ya 1024, maana unachotafuta kiko kabla yake. Chunguza pointa (namba ya mahali ndani ya FIFO) ya kusoma, pointa ya kuandika baada ya kusawazishwa na kloki ya kusoma, bendera ya tupu, ruhusa ya kusoma na namba ya mfululizo. Ishara za upande wa 125 MHz zipe ILA yake. Ukizichukua kwa kloki ya 100 MHz utaona thamani ambazo hazikuwahi kuwepo, na utapoteza siku nzima ukifukuza kivuli.

Jibu la 2

Nakubali, ila namba ya 0 hadi 15 haitalikamata kosa linaloshukiwa zaidi hapa. Pointa ya kuandika ikisomeka mbele ya ilipo, msomaji ataona FIFO ina kitu na kuchukua neno la mzunguko uliopita, lililoandikwa maneno 512 nyuma. 512 inagawanyika kwa 16 bila baki, kwa hiyo namba ya neno hilo la zamani italingana kabisa na inayotarajiwa. Idadi ya maneno nayo haipungui. Bendera itakaa chini huku CRC ikikataa.

Hesabu 0 hadi 14 kisha rudi 0. 512 kwa 15 inabaki 2, hivyo neno la zamani litajulikana papo hapo.

Jibu la 3

Kabla ya kusubiri usiku kucha, fungua kodi yako. ILA huona thamani kwenye ukingo wa kloki tu. Mruko mfupi katikati ya kingo mbili, au flipuflopu (kihifadhi cha biti moja) iliyoyumba kati ya 0 na 1, haitaonekana. Utaona matokeo yake tu.

Je, msimbo wa Gray wa pointa (hubadilisha biti moja tu kwa kila hatua) unapita kwenye rejista (kundi la flipuflopu) ya 125 MHz kabla ya kuvuka? XOR (saketi zinazotengeneza msimbo huo) zikienda moja kwa moja kwenye kloki nyingine, miruko yake hukamatwa mara chache sana, na dalili ndiyo hiyo yako. Pia angalia masharti ya muda. `set_false_path` juu ya pointa huifanya ripoti iwe safi kwa sababu njia hizo hazikaguliwi kabisa. Tumia `set_max_delay -datapath_only` (kikomo cha ucheleweshaji) pamoja na `set_bus_skew` (kikomo cha tofauti ya ucheleweshaji kati ya biti) chini ya 8 ns.

Na kosa likitoweka baada ya kuingiza ILA, usiseme limepona. Njia za waya zimehama tu, na hilo lenyewe ni ushahidi wa tatizo la muda.

Mwuliza swali

XOR inaingia moja kwa moja, rejista haipo. Nikiiweka si itachelewesha pointa?

Jibu la 3

Kwa pigo moja, 8 ns. Msomaji ataona data imefika baadaye kidogo. Hakuna kinachoharibika, kwani pointa iliyochelewa huonyesha FIFO ina maneno machache kuliko yaliyomo kweli. Ukishaiweka, acha kigunduzi cha namba ya mfululizo ndani na uendeshe FIFO ikiwa karibu tupu muda wote, maana hapo ndipo pointa hukaribiana. Kama wastani ulikuwa kosa moja kwa saa 15, saa 45 bila kosa bado zina uwezekano wa asilimia 5 wa kuwa bahati tu. Nenda 75.