Mjadala: Maduka ya nguo za kisasa hapa Tanga, bei zake ni halali?

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Tanga, na wengine wote mtakaochangia.

Hoja hii imetugawa nyumbani tangu Idi. Nilinunua shati katika duka moja la nguo za kisasa mjini, la kioo kirefu, taa nyeupe na masanamu yaliyovishwa mlangoni. Shilingi 65,000. Lilipofuliwa mara ya tatu, kwa mkono, mshono wa kwapani ukaachia na kola ikajaa vipovu. Nikalirudisha pamoja na risiti. Muuzaji, kijana mwenye adabu kabisa, akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Msimamo wangu ni huu: bei hizo si halali, na kinachoziharamisha ni ile karatasi ukutani kuliko hata tarakimu zenyewe.

Tulinganishe. Ngamiani, hapa hapa Tanga, nilinunua mita 2 za kitambaa cha pamba kwa 18,000, fundi akachukua 15,000. Jumla 33,000, yaani nusu ya bei ya duka na chenji kidogo. Mshono wa shati hilo nao uliwahi kuachia, siwezi kudanganya. Nikarudi barazani kwake, akauvuta chini ya sindano huku tunaongea, akanirudishia. Hakudai hata mia. Fundi ana sura, ana baraza, na ana jina mtaani analoogopa kulipoteza.

Walio tayari kunipinga, kwanza wageuze nguo zao ndani nje. Duka linakupa upande wa nje, wa kutazamwa. Kazi yenyewe iko ndani. Hesabuni mishono: shati lililoshonwa vizuri lina mishono kama 10 mpaka 12 kwa inchi. La kulipua lina 7 au 8, na uzi umelegea. Tazameni pia kama kitambaa kimeachwa cha kutosha pembeni mwa mshono, ili ukinenepa fundi apate pa kutanulia. Langu lilikuwa limekatwa hadi ukingoni na kupitishwa ovaloki tu, yaani mshono wa kuzuia ukingo usichanuke, ndiyo maana kwapani hapakuwa na cha kushikilia. Kisha chomoeni uzi mmoja muuchome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polista inayeyuka na kuganda kijidonge kigumu kama shanga. Kwa joto na unyevu wa Tanga mwezi wa pili, nani alipe 65,000 avae shanga zilizoyeyushwa?

Mpwa wangu hakubaliani nami hata kidogo. "Mjomba," aliniambia, "fundi wako alimwahidi mama gauni siku mbili kabla ya Idi, akalileta Idi imeshapita. Dukani naingia, najaribu mbele ya kioo, natoka nayo." Hapo ana haki na sina jibu la kumshinda. Ahadi za mafundi zimewaliza wengi. Mtumba nao una tabu yake: unaweza kuinama juu ya rundo asubuhi nzima, ukapata shati zuri ajabu ambalo si saizi yako. Na kuna jambo jingine alilisema kwa sauti ya chini, kwamba msichana wa chuo akivaa mtumba wenzake hujua. Sikulicheka. Heshima mbele za watu ni kitu ambacho watu wanakilipia, na si dhambi.

Nilizungumza pia na mwenye duka mmoja, si yule wa shati langu. Kodi ya fremu analipa miezi sita kwa mkupuo. Mzigo anaufuata Kariakoo kwa basi, umeme juu yake, kodi ya serikali juu yake. Namwelewa, na sitaki mtu hapa amwite mwizi. Lakini gharama hizo zote ni za fremu. Hakuna hata moja iliyoingia kwenye mshono wa kwapa.

Sasa tuwatazame wanaoigwa. Kampuni ya nguo ya H&M ilianza Sweden mwaka 1947, na ile ya Zara ikafungua duka lake la kwanza Hispania mwaka 1975. Ndio waliozoesha dunia mitindo inayobadilika kila baada ya wiki chache. Siwasifu. Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka Bangladesh mwezi Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao walikuwa washonaji wa nguo za maduka ya Ulaya na Marekani, na unafuu wa nguo hizo ulitoka migongoni mwao. Ila mnunuzi wa kule ana kitu ambacho mimi sina. Uingereza, sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inampa siku 30 kurudisha kitu chenye kasoro na kudai fedha yake yote. Sisi tumeiga kioo, taa, masanamu na muziki. Hilo la siku 30 tuliliacha bandarini.

Hata hapa kwetu mlaji hakuachwa yatima. Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina kazi ya kumlinda pia. Lakini nani atafunga safari ya tume kwa ajili ya kwapa la shati? Tunameza, tunaenda kwa fundi, na fundi ndiye anayerekebisha kosa ambalo hela yake alikula mwingine.

Simwambii mtu asinunue dukani. Nasema tofauti ya zaidi ya 30,000 kati ya duka na fundi lazima inunue kitu, na kitu hicho kiwe dhamana. Nipe siku 14. Mshono ukiachia, nishonee au nibadilishie. Duka litakaloondoa ile karatasi, mimi 65,000 nitalipa, na mpwa wangu nitampeleka mwenyewe.

Wenye maduka mlioko humu, naomba mjibu: siku 14 zitawafilisi? Na mafundi, msikae kimya, mpwa wangu anasubiri kuambiwa kwa nini gauni la mama yake lilichelewa.