Nimealikwa hoteli ya Kiperu na Kijapani na samaki mbichi mimi siwezi, nifanyeje?

mtoto_wa_umoja
Wasee habari za jioni. Wiki ijayo kazi inanipeleka Panama na wenyeji washaandika kwa ratiba kwamba usiku wa kwanza tunakula Casco Viejo, ule mtaa wao wa zamani, kwa hoteli ya Nikkei. Nikaangalia menyu, kumbe ni mapishi ya Peru na Japani yamechanganywa na nusu ya vitu ni samaki mbichi!! Mimi samaki ni wa kukaangwa akauke, na ugali kando. Na bosi atakuwa hapo mezani ananiangalia. Nitakula nini jameni, halafu Mjapani na Mperu walipatana wapi?

baharia_likoni
Kaka huo mtaa ukiuona utadhani uko Mji wa Kale Mombasa, roshani juu, vichochoro, nyumba moja imekarabatiwa inang'aa na jirani yake imebaki kuta tupu. Ulijengwa 1673, mji wa kwanza uliharibika 1671 Henry Morgan na maharamia wake walipouvamia. Barabara ni za matofali, mwenye visigino virefu aambiwe mapema.

Sasa hao Wajapani. 1899 meli inaitwa Sakura Maru ilishusha watu 790 bandari ya Callao huko Peru, wa kandarasi, waende mashamba ya miwa. Ni kama Wahindi walioletwa kujenga reli yetu, leo chapati unaila Umoja hapo na hukumbuki ilikuja na nani. Shamba likawashinda, wengi wakahamia Lima wakafungua vinyozi na vihoteli vidogo, wakapika kwa mkono wao lakini na vitu vya sokoni kwa Mperu. Ndio Nikkei hiyo, na neno lenyewe ni la watu wa asili ya Kijapani walioko ng'ambo, si chakula peke yake.

mamake_ciku
Nimekula ya hapa Westlands, birthday ya dada yangu, nilienda nimenuna nikarudi nikiulizia risipi 😂 Ceviche ni samaki mbichi wa vipande, anatiwa maji ya ndimu, kitunguu na pilipili, anageuka mweupe kama ameiva. Ila hajaona moto, ndimu si jiko, kama tumbo lako ni la kubembelezwa acha. Tiradito ndio utaona Mjapani waziwazi, samaki anakatwa vipande vyembamba kama sashimi, ile samaki mbichi ya Wajapani, na mchuzi unamwagwa wakati wa kuleta mezani, kitunguu hakuna. Kitu kilinichekesha ni ceviche kuja na kiazi kitamu cha kuchemsha na mahindi kando. Nimetoka Kiambu nalipa pesa yote hiyo kuletewa ngwaci!

Wewe agiza lomo saltado, nyama ya ng'ombe imekaangwa moto mkali na kitunguu, nyanya na soya, inakuja na chips NA wali sahani moja (hiyo asili yake ni Wachina wa Peru lakini huwa wanaiweka). Ama anticucho, mishkaki ya moyo wa ng'ombe. Mtu anayekula mutura kwa steji ataogopa moyo kweli?

abdi_wa_mtaa_wa_saba
Kwa Waislamu wenzangu mtakaosoma hii, uliza michuzi kwanza. Wajapani wanatumia mirin na sake kupikia, zote zina pombe. Na pisco sour inakuja na povu jeupe la yai juu kama juisi imesagwa vizuri, ile ni pombe kali ya zabibu, usidanganyike.

mtoto_wa_umoja
Asanteni sana aisee. Nimeandikia mwenyeji leo asubuhi kwamba mimi niwekewe ya kupikwa, akajibu hakuna shida, hata bosi wangu aliomba hivyo hivyo juzi 😅

baharia_likoni
😂😂 Basi nyinyi wawili mkae upande mmoja wa meza. Lakini hicho kipande kimoja cha tiradito jaribu, nauli imeshalipwa.

mamake_ciku
Na utuletee picha ya ngwaci.