MREJESHO: Kikundi cha wabunifu Mwanza, ngozi ya sangara imetukutanisha

Wakuu, Februari niliuliza hapa namna ya kuwaweka pamoja wasanii, watu wa sayansi na wafanyabiashara wa Mwanza, maana vikao vyangu 3 viliishia kwenye soda na kupeana namba. Asanteni sana mliojibu.

Nilimfuata aliyesema, "Acha vikao, tafuta kazi moja inayowahitaji wote." Tukachukua ngozi za sangara. Mwalimu wa kemia akaziloweka kwenye maji ya magome ya muwati (mti unaotumika kulainisha ngozi zisioze), mchoraji akachora mikanda ya makubazi, mama mwenye duka la viatu akatupangia bei. Ndoo ya kwanza ilioza yote. Nyama hatukuiparua vizuri. Ya pili ilitoka laini, rangi kama chai kavu, alama za magamba zimejipanga kama wavu. Nilishindwa kuiachia mkononi! Tumeshauza jozi 11 za makubazi.

Ushauri wa kuandikiana mgawo wa fedha mapema niliupuuza, na wenzetu 2 wameondoka kwa hilo. Inaniuma. Sasa tumeandika na kusaini. Wenye mitaji bado hawajajitokeza, ila kila Jumamosi tunakutana watu 12 karakana, na kila mmoja ana kazi mkononi.