Chama kina wengi, hoja zake zaanguka. Tufanyeje?

Mwana_Kisauni: Hamjambo wana barza. Ijumaa naongoza mafunzo ya vijana wa chama. Swali lao: kundi lenye viti vingi bunge la kaunti laangushwaje hoja na watu wake wenyewe? Kiranja, yaani msimamizi wa kura na nidhamu ya kundi, aanzie wapi?

Bao_la_Tatu: Ami, anza na mchujo, ile kura ya ndani ya chama ya kuteua wagombea. Aliyejilipia mabango, mawakala na mafuta ya gari hadaiwi kitu na chama. Akishaapishwa, barabara na mabomba ya wadi yake yako mikononi mwa gavana. Sasa atamsikiliza nani?

Karani_Mstaafu: Na msiwatishe vijana kwamba muasi atapoteza kiti kesho. Kifungu cha 194 cha Katiba ya Kenya chamwondoa aliyejiuzulu chama au anayehesabiwa kajiuzulu. Sababu ziko Sehemu ya 14A ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa, 2011: kujiunga na chama kingine, kukipigia debe na kadhalika. Kumkaidi kiranja kwenye kura moja hakumo. Hata sababu ikiwepo, lazima asikilizwe chamani, halafu aweza kwenda kwenye jopo la mizozo ya vyama, kisha Mahakama Kuu. Kufika huko hoja ishasahaulika. Uingereza nako, Septemba 2019, wabunge 21 wa Conservative walitimuliwa kundini kwa kuikaidi serikali yao kwenye kura ya Brexit, yaani kujitoa Umoja wa Ulaya, viti wakabaki navyo. Aliyebaki bila wingi ni serikali.

Mama_Hesabu: Kiranja kazi yake ni kuhesabu, tena si kwa grupu ya WhatsApp, huko kila mtu huandika "sawa". Apige simu kwa mmoja mmoja siku tatu kabla, majina ayapange safu tatu: ndiyo, hapana, anayeyumba. Wa kuyumba aulizwe kipengele gani chamkera, kirekebishwe kabla hoja haijafika ukumbini. Hoja ya kumng'oa gavana, kwa mfano, ili ipite bunge la kaunti iende Seneti, yataka thuluthi mbili ya wajumbe WOTE. Bunge la watu 45, ni kura 30. Mko 32? Watatu wakikwama feri ya Likoni, hoja imezama, maana asiyekuwepo ni sawa na aliyekataa.

Mwana_Kisauni: Shukran mamangu. Na kumtoa muasi kwenye kamati?

Karani_Mstaafu: Yawezekana, kwa barua ya kiranja kwa spika. Lakini kwanza aandikiwe kosa lake, apewe siku za kujibu, na majibu yawekwe faili. Mkiruka hapo, atarudi na amri ya korti, na kundi litakuwa limegawanyika mara mbili.