Matunda ya kopo yaliyooza: yakamatwe kwanza, au mwenye mali asikilizwe kwanza?

Wadau, kila serikali inapokamata shehena ya chakula hoja hii hurudi: mali ya mtu isiguswe mpaka asikilizwe. Kwenye kesi ya shamba naikubali. Kwenye matunda ya kopo siikubali hata kidogo.

Tazameni tunda lililooza linavyopita kiwandani. Linamenywa, penye weusi panakatwa, linapikwa na sukari, kopo linafungwa. Ukilifungua unakuta vipande vinang'aa kwenye sharubati, harufu tamu. Nyuzi za ukungu zimo, ila zinaonekana kwa hadubini tu. Kopo lililovimba angalau linakuonya, hili linakuita. Mnunuzi atajikinga vipi?

Sheria ya chakula ya Marekani ya 1938 imelishika jambo hapohapo. Chakula kikiwa kimeoza, au kikitayarishwa penye uchafu unaoweza kukiingia, hakiruhusiwi kuuzwa. Hakuna kusubiri mtu augue. Kesi hufunguliwa dhidi ya makopo yenyewe, na mwenye mali hujitokeza kuyadai. Na mapema kabla ya hapo, mwaka 1908, Mahakama ya Juu ya huko iliamua kesi ya mapipa ya kuku kwenye ghala la baridi Chicago: chakula kibovu kinaweza kukamatwa na kuharibiwa kabla mwenyewe hajasikilizwa, maadamu anaweza kushtaki baadaye.

Mtaniuliza, mkaguzi akikosea je? Swali zito, maana mzigo ukilala ghalani mtaji wa mtu unakufa. Sheria hiyo inampa mwenye mali haki ya kuomba sehemu ya sampuli akapime kwingine. Hapo ndipo tukaze: apewe mara moja, na kesi isiburuzwe.

Kinachoniudhi hasa ni dhamana. Hata shehena ikishahukumiwa kuwa mbovu, mahakama inaweza kumrudishia mwenyewe kwa dhamana airekebishe chini ya usimamizi. Lebo yenye kosa, sawa, inabandikwa nyingine. Nafaka yenye mchanga inapepetwa. Lakini tunda lililooza, limeshapikwa, limo ndani ya kopo pamoja na mazima? Mimi nasema yateketezwe yote. Anayepinga atueleze atakavyochambua.