Mtamba chotara wa Mushaki: dume la Brune, dume la Frizoni au mbegu ya Jersey?

MamaFuraha_Mushaki
Jambo kwenu wakubwa na wadogo. Hapa Mushaki, Masisi, niko na mtamba mmoja, jike ambaye hajazaa bado, mama yake Ankole, ng'ombe wetu wa kienyeji, baba yake Frizoni wa kigeni. Amepita miaka miwili, ameanza kuonyesha joto la kutaka dume, na sitaki dume lolote la njiani limpande. Njia ziko tatu. Jirani ana dume la Brune, refu na pole, anaomba dola 15. Kwenye shamba kubwa la chini kuna Frizoni safi, bei ileile, ila mtamba lazima alale huko mpaka joto liishe. Tena veterineri mmoja wa Goma anasema ataniletea mbegu ya dume la Jersey, ya kuingizwa kwa mrija, dola 30 na safari ndani yake. Maziwa yangu nusu yanachukuliwa na watu wa fromaji (jibini), nusu yanashuka Goma kwa bidoni, yaani madumu. Munanishauri nini?

Kijana_wa_Sake
Frizoni, Mama, usijisumbue. Sokoni wanapima lita. Ankole akikupa lita tatu unashukuru Mungu, chotara wa Frizoni akila vizuri anafika kumi na kupita.

Muzee_Ngungu
"Akila vizuri." Hapo ndipo penye maneno, kijana wangu. Majani yanakauka kuanzia mwezi wa sita, machicha ya pombe hayapandi mpaka huku kwetu, na Frizoni mwenye njaa hukondesha mwili wake kukupa maziwa, halafu joto linapotea mwaka mzima. Kisha kuna kupe. Ukiweka Frizoni juu ya mtoto wa Frizoni, Ankole anabaki robo, na ndigana kali inamjua mgeni hata kabla hajaachishwa kunyonya. Brune ni ng'ombe wa milimani toka kwao Uswisi. Kwato ngumu, miguu ya kupanda. Wazee wetu walimwona hapa Masisi tangu zamani na hakuwaangusha.

Veto_Himbi
Shikamoo Muzee. Kwa njaa na kwato nakubali. Kwa hesabu ya damu, hapana: Brune, Frizoni, Jersey, wote watatu ni wageni, kwa hiyo ndama wa yeyote kati yao atabaki na robo ya Ankole. Akitaka damu ya Ankole iongezeke atafute dume la Ankole, na lita zitarudi chini. Kupe ni kazi ya dawa ya kuoga ng'ombe, kila wiki msimu wa mvua. Dume haliwezi kuifanya.

Mama, mimi ningeanza na mtamba mwenyewe. Mama yake ni Ankole, nyonga inaweza kuwa nyembamba, na huu ni uzazi wa kwanza. Ndama wa Jersey huzaliwa na kilo 25 hivi. Wa Frizoni ni 40, wa Brune anaweza kupita hapo. Usiku, kwenye kilima, mvua inanyesha, miguu miwili imetoka na kichwa kimekwama: nani atakuja kuvuta? Pima kifua kwa utepe wa fundi cherehani, nyuma tu ya miguu ya mbele. Sentimita 150 ni karibu kilo 280. Chotara wa namna yake asipandishwe kabla ya kufika asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake, haidhuru umri unasemaje.

MamaFuraha_Mushaki
Nimepima: 152. Aksanti dokta. Lakini si nasikia Jersey ni kadogo sana, na maziwa ni kidogo?

Mama_Fromaji_Kitchanga
Niseme upande wangu, mimi nanunua maziwa. Kwa kilo moja ya fromaji naweka lita kumi hivi. Maziwa ya Jersey yana mafuta karibu asilimia 5, ya Frizoni hayafiki 4, kwa hiyo ya Jersey natumia lita chache zaidi. Ya Brune yanaganda vizuri, yana protini nzuri, mkono unasikia tofauti wakati wa kukata. Sasa dada yangu, sikiliza hii na usinichukie: sisi wanunuzi tunalipa kwa lita. Mafuta ya Jersey wako nitayapokea bure na nitakushukuru. Ukianza kutengeneza fromaji mwenyewe, hapo Jersey atakulipa. Ukiendelea kuuza kwa bidoni, Brune.

Kijana_wa_Sake
Si nilisema lita!

Muzee_Ngungu
Umesema Frizoni. Mama amesema Brune. Soma pole pole.

Veto_Himbi
😂 Kuhusu dume la jirani. Kabla ya kutoa dola 15, Mama, uliza linapanda ng'ombe wa nani na nani. Kama ni kilima kizima, uliza tena: kuna waliorudi kwenye joto baada ya wiki tatu, mara ya pili, mara ya tatu? Kuna waliotupa mimba? Kuna ugonjwa wa trikomona ambao dume hubeba maisha yake yote, anakula, ananenepa, haonyeshi chochote, huku anaugawa kwa kila jike. Brusela nayo ni mbaya zaidi kwa sababu inaingia kwa watu, hasa wanaokunywa maziwa mabichi na wanaoshika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Dume la shamba kubwa, waulize kama limepimwa damu. Wakikasirika, umeshapata jibu.

Mbegu haina shida hizo ikitoka kituo kinachopima madume yake, kama Kabete kule Kenya au Entebbe. Lakini ina masharti. Inakaa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na mtungi ukiishiwa njiani, mbegu inakufa na unamwingizia ng'ombe maji tu. Tena saa. Ukimwona asubuhi amesimama kimya akipandwa na wenzake, mbegu iingie jioni ileile. Ukimwona jioni, kesho yake asubuhi. Barabara ya Sake ikifungwa siku hiyo, unangoja siku 21 nyingine.

Kijana_wa_Sake
Dokta, na zile mbegu za kuzaa majike tu?

Veto_Himbi
Majike 9 kwa 10 hivi, ndiyo. Zinashika kidogo kuliko za kawaida, na bei ni juu. Kwenye mtamba zinafanya kazi vizuri kuliko kwenye ng'ombe aliyezaa mara nyingi. Mwenye mtamba mmoja na barabara kama ile, sijui kama ningemshauri. Ya kawaida kwanza. Na namba ya dume iliyoandikwa kwenye mrija, Mama, inakili kwenye daftari, maana siku binti yake atakapotaka dume, usimrudishe kwa baba yake.

Hilo ni tatizo lingine la dume la kilima, watu hawalisemi. Likikaa miaka mitatu mahali pamoja linaanza kupanda mabinti zake.

MamaFuraha_Mushaki
Nimesoma yote na mume wangu amesoma. Tumekata hivi: uzazi wa kwanza mbegu ya Jersey, azae bila kuvutwa na kamba. Joto likipita mara mbili bila veterineri kufika, nitachukua Brune ya jirani, ila kwanza naenda kuuliza wenye ng'ombe wa kilima. Uzazi wa pili ni Brune kwa vyovyote, Muzee usiwe na wasiwasi. Na Mama Fromaji, nitakuja kwako kujifunza kukata.

Mama_Fromaji_Kitchanga
Karibu. Uje na ndoo yako, na usije siku ya soko.

Muzee_Ngungu
Sawa, sawa. Lakini akizaliwa ndama dume wa Jersey, kadogo vile, mfupa na ngozi, utamuuzia nani?

MamaFuraha_Mushaki
Sitamuuza, Muzee. Utakuja tumle siku ya Bonane, mwaka mpya.